Sauti Tano kutoka Kalundu

Jumapili ile Riziki alifika kwenye chumba changu cha foni kabla ya wote. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha kijani na kujipaka wanja, kana kwamba mtu aliye ng'ambo ya ziwa angeweza kumwona.

"Umependeza," nilimwambia. "Lakini foni haina macho, binti yangu."

"Haina, baba mdogo Hassani. Lakini mtu akivaa vizuri, hata sauti yake inakuwa nzuri. Yeye atajua."

Sikumcheka. Miaka ile ya vita nilikuwa nimezoea kuwaona watu wakichana nywele kabla ya kuongea na redio.

Foni ilikuwa ndiyo hiyo tu: redio kubwa juu ya meza, betri ya lori chini yake, na waya mrefu uliopita dirishani ukafungwa kwenye michikichi miwili nyuma ya nyumba. Simu zilikuwa zimekatika. Njia ya Bujumbura mtu aliipita kwa kuomba Mungu, na boti zilikuwa zimekatazwa kuvuka. Aliyetaka kumsikia ndugu yake alikuja kwangu, ndugu yake naye akaenda kwenye foni ya huko aliko, na wote waliokuwa ndani ya vyumba vyote viwili walisikia kila neno. Foni haikujua siri.

Siku za kazi tulipitisha ujumbe. Jumapili, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi, tulicheza.

Michezo hiyo ilianzishwa na kijana mmoja wa Kalundu, kule bandari ya Uvira, aitwaye Lukeba. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa. Siku moja, kazi ilipoisha na betri ikiwa bado ina nguvu, alisema: "Rumonge, musizime! Tega kitendawili!" Tangu siku hiyo benchi zangu hapa Rumonge zilijaa. Tulitegeana vitendawili. Tulishindana kutaja samaki wa ziwa, upande huu mmoja, upande ule mmoja, na aliyerudia samaki aliyekwisha kutajwa alitoka. Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa "Nani huyo?" Mtu wa upande mmoja alishika chombo cha kusemea, akasema neno moja tu, na upande wa pili ukakisia ni nani. Nimeona mama mzima akilia kwa sababu ndugu yake alimtambua kwa kukohoa.

Ukutani nilikuwa nimebandika kartoni yenye sheria tatu, nimeziandika mwenyewe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, bila kosa. Ya kwanza: ukimaliza kusema, sema "kwenu", ili upande wa pili ujue ni zamu yake. Ya pili: ukibonyeza kitufe, subiri kidogo ndipo uongee, la sivyo neno la kwanza litakatwa. Ya tatu: kifo hakisemwi kwenye foni.

Hiyo ya tatu tulikubaliana waendesha foni wote wa mwambao, kuanzia Kabonga mpaka Kalundu, baada ya mama mmoja kusikia habari ya mwanawe hapa, katikati ya watu waliokuwa wakicheka, na kuangukia meza. Tulisema kifo kipewe miguu. Atumwe mtu, hata akichukua siku tano njiani, afike, aketi chini, ashike mkono wa mfiwa, ndipo aseme. Kabla mtu huyo hajafika, kwenye foni marehemu ni mzima. Ukiulizwa habari zake, unajibu kama kawaida. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelivunja.

Sheria ya pili ilivunjwa kila Jumapili na mtu mmoja: Akonkwa.

Akonkwa alikuwa fundi wa mota za boti, Mshi wa upande wa Bukavu. Alikuwa ameishi Rumonge miaka minne, akipita kila asubuhi mbele ya cherehani ya Mzee Ismaili, baba yake Riziki, akisalimu "Amahoro, mzee", huku macho yakienda kwingine. Alipokwenda Kalundu kutengeneza mota ya tajiri wake aliaga kwa wiki moja. Ziwa likafungwa nyuma yake, na njia ya nchi kavu ilikuwa ya kubahatisha roho. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Alikaa huko kwa dada yake, Cibalonza, aliyeendesha foni ya Kalundu, na kila Jumapili alinyakua chombo, akabonyeza na kusema papo hapo, asisubiri hata kupumua. Kwa hiyo jina la Riziki lilifika kwetu limekatwa kichwa:

"...ziki! Uko hapo?"

Watu walicheka. Cibalonza alimgombeza kila mara: "Mutu wa mota, una haraka ya nini? Ngojea kwanza!" Naye hakujifunza. Mwishowe mji mzima ulimwita msichana yule Ziki, isipokuwa baba yake.

Jumapili iliyotangulia ndipo Mzee Ismaili alipokuja kwenye foni kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni, kanzu yake imenyooka, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Riziki, twende nyumbani."

"Baba, mchezo haujaisha," alisema, kitufe cha chombo bado amekibonyeza.

"Miezi kumi na moja unacheza. Aruna amekuja kwa adabu, mara tatu, na wazee wake. Ni mtu wa msikiti, mtu wa hapa hapa, unamwona kwa macho. Wewe unamngoja nani?"

"Unajua ninayemngoja."

"Huyo si wa dini yetu."

"Amesema atasilimu."

"Atasilimia kwenye foni? Shehe amtamkishe shahada, halafu aseme 'kwenu'?"

Watu waliangua kicheko, na shangazi yake Riziki, Bi Fatuma, akamvuta kaka yake kanzu: "Ismaili, punguza. Watu wanasikia mpaka Kongo."

"Wasikie! Huyu mtoto hapendi mtu, anapenda mkwaruzo. Sauti zote za foni ni moja, kama bata kwenye debe. Ukimwekea mwingine hapo hawezi kujua."

Riziki alisimama. Sijawahi kumwona amesimama mbele ya baba yake namna ile.

"Namjua, baba."

"Hata kati ya watu watano?"

"Hata kati ya hamsini."

"Haya. Jumapili ijayo watu watano waseme neno moja, nitakalolichagua mimi. Ukimpata, aje, nitampokea. Nasema mbele ya watu. Usipompata, Jumatatu napokea mahari ya Aruna, na hapa huji tena."

"Nimekubali."

Alipoachia kitufe, foni ilipasuka kwa kicheko cha Lukeba, na juu yake sauti ile iliyokatwa: "...mekubali na mimi, mzee! Jumapili! Kwenu!"

Mzee Ismaili alikuwa amekwisha kutoka.

Ndiyo sababu Riziki alikuwa amevaa kitenge cha kijani.

Saa tisa kasoro, chumba kilijaa mpaka dirishani. Bi Fatuma alikaa benchi la mbele, ameficha kinywa kwa ushungi kama mtu aliyeficha kigelegele. Mzee Ismaili alikaa kwenye kiti nilichompa, mikono juu ya magoti. Aruna mwenyewe alikuja. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mtu mpole, mjane. Alisimama karibu na mlango, kofia kichwani, akanisalimu kwa sauti ndogo. Wala sikuwahi kumsikia akisema neno baya juu ya Akonkwa.

"Bwana Aruna, na wewe umekuja kucheza?" mtu mmoja alimchokoza.

"Nimekuja kujua," alijibu. "Kungoja kunachosha."

Nikawasha. Redio ilinguruma, ikatulia.

"Kalundu, Kalundu, hapa Rumonge. Mnatusikia? Kwenu."

Kulikuwa na kimya kirefu kuliko kawaida.

"Rumonge, niko nakusikia," alisema Cibalonza. "Amahoro yenu wote. Kwenu."

"Amahoro. Mbona leo mko kimya hivyo? Mmeogopa? Kwenu."

"Hatujaogopa. Ni mvua. Batu banatoka pole pole. Kwenu."

Riziki aliomba chombo, nikampa.

"Wifi, habari za huko? Kwenu."

Mzee Ismaili alikunja uso kwa neno hilo "wifi".

"Salama, Ziki wangu. Umeamuka aje? Umekula? Kwenu."

"Nimekula. Mbona simsikii Lukeba? Leo hacheki? Kwenu."

Nje, upepo wa ziwa uliutikisa waya.

"Lukeba ametoka. Iko kazi alipewa. Kwenu."

"Siku kama hii? Na Akonkwa? Kwenu."

"Mchezo ni mchezo, wifi. Nikikuambia yuko wapi, nitakuwa nimekuibia. Baba yako iko anasikia. Kwenu."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Bi Fatuma akasema: "Huyo wifi ana akili!" Mzee Ismaili alitikisa kichwa, karibu atabasamu. Nami nilicheka. Nilicheka kwa moyo wangu wote, na kicheko hicho hakijanitoka mpaka leo.

"Mzee, neno gani?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Mukeke," alisema. "Waseme mukeke."

"Samaki, kaka?" Bi Fatuma alishangaa. "Harusi ya mwanao, unachagua samaki?"

"Neno la mapenzi litamsaidia. Samaki hamsaidii mtu."

Nikalipeleka neno Kalundu. Cibalonza alilipokea, akasema watu wake watano wako tayari, kila mmoja atashika chombo kwa mkono wake. Riziki alisogeza kiti mpaka paji la uso wake likakaribia kitambaa cha spika. Alifumba macho. Mji mzima ulifumba mdomo.

"Wa kwanza," alisema Cibalonza.

"Mukeke." Sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali.

Riziki hakusogea.

"Wa pili."

"Mukeke." Huyu alikuwa mzee. Hata mimi nilisikia meno yaliyopungua, na pumzi fupi baada ya neno. Msichana mmoja nyuma alichekea puani.

"Wa tatu."

"Mukeke." Kijana, sauti yake haijakomaa vizuri.

"Wa nne."

"...keke!"

Chumba kilishtuka. Watu waligeukiana, wakaminyana viwiko. Neno lililokatwa! Nani asiyelijua? Bi Fatuma alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hata Mzee Ismaili aliinua kichwa.

Riziki alikuwa amefumbua macho.

"Wa tano," alisema Cibalonza.

"Mukeke." Sauti nyembamba, ya mtu mwenye mafua.

"Ni hao watano. Riziki, mpenzi wangu, sema. Kwenu."

Nilimpa chombo. Alikishika, lakini hakubonyeza. Alitazama kitambaa cha spika kama mtu anayetazama mlango uliofungwa, ambao juzi tu ulikuwa wazi.

"Sema, mwanangu!" Bi Fatuma alinong'ona. "Tumeshasikia wote!"

"Muacheni," alisema Mzee Ismaili. "Asisaidiwe."

"Wa nne!" mtu wa dirishani alipiga kelele, akanyamazishwa.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Niliona kidole chake gumba juu ya kitufe. Sauti ile ya nne nilikuwa naipima upya kichwani. Neno lilikatwa, kweli. Lakini lilikatwa kwa makusudi, kama mtu anayeiga kilema cha mwenzake. Akonkwa alikuwa akikata neno kwa sababu ya haraka ya kufika. Huyu hakuwa na haraka. Na sauti yenyewe haikuwa yake. Nilijiambia: sawa, ni mtego wa mchezo, wamemweka mwigaji ili kumpoteza. Basi ni nani kati ya wale wengine? Nikawapitia mmoja mmoja, na sikumpata.

Riziki alibonyeza. Alisubiri kidogo, kama kartoni ilivyoagiza.

"Wa pili," alisema. "Kwenu."

Watu waliguna. "Wa pili? Yule babu?" "Amechanganyikiwa." "Masikini, ameogopa." Aruna alipiga hatua moja mbele, akasimama. Mimi mwenyewe nilitaka kumnyang'anya chombo, nimwambie Cibalonza kwamba msichana amekosea kusema.

Na Kalundu ikajibu. Ikajibu haraka, kwa sauti ya juu mno:

"Umepata! Umepata, Riziki! Ni yeye! Ndiye yeye! Kwenu!"

Nyuma yake tulisikia watu wakipiga makofi, kidogo, kama matone ya kwanza juu ya bati.

Bi Fatuma alipiga kigelegele. Kilijaa chumba, kikatoka dirishani, na wanawake wa nje, ambao hawakujua chochote, wakakipokea. Mzee Ismaili aliinuka taratibu. Kwake sauti zote za foni zilikuwa moja. Aliposikia "umepata", aliamini. Alivua tepu shingoni, akaikunja mkononi.

"Nilisema mbele ya watu," alisema. "Mimi si mtu wa kumeza neno. Bwana Aruna, nisamehe."

"Hakuna la kusamehe, mzee," alisema Aruna.

"Riziki. Mwambie aje. Boti zikifunguliwa, aje na dada yake, na mzee wa kumsimamia. Mambo ya dini tutakaa na shehe. Mwambie..." Alikohoa. "Mwambie nimesema karibu."

Ndilo neno alilolingoja miezi kumi na moja. Nililitazama likimfikia, na halikumgusa. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya wanja. Ndipo nami nikaelewa kwa nini alimtaja yule babu. Anayekubali jibu lolote, hana jibu. Hata angetaja wa kwanza, angekuwa amepata. Hata angetaja wa tano, angekuwa amepata. Hakukuwa na Akonkwa kati yao hata mmoja.

"Binti yangu," nilisema, "nipe chombo."

Hakunipa. Alibonyeza.

"Wifi."

Kigelegele kilikuwa bado kinaendelea nje. Alingoja kipungue.

"Wifi Cibalonza. Umemtuma nani? Kwenu."

Bi Fatuma alinyamaza kinywa kikiwa wazi. Mwambao mzima ulijua maana ya swali hilo. Hakuna aliyewahi kuliuliza kwenye foni, maana anayeuliza ametumwa nani, amekwisha kujua ni nani aliyekufa. Mzee Ismaili alikaa tena. Hakuangalia kiti kiko wapi. Bahati kilikuwa pale pale.

Nilifikiri betri ya Kalundu imekwisha, nikaomba iwe imekwisha. Kisha kitufe kilibonyezwa, tukasikia mtu akipumua, bila kusema, kisha kikaachiwa. Kikabonyezwa tena.

"Lukeba," alisema Cibalonza. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, haikuwa sauti ya mchezo. "Alitoka hapa Ijumaa asubuhi. Anapita njia ya juu, anazunguka ziwa kwa miguu. Akifika ataketi na wewe. Atakuambia yote, mimi siwezi hapa." Akapumua. "Nilitaka ushinde kwanza, wifi. Nilisema, hata kama ni hivyo, baba yake asimpe mwingine kesho yake. Apate siku zake za kulia. Kwenu."

Nilimwona Aruna akivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Mzee Ismaili alikuwa anaikunjua ile tepu na kuikunja, anaikunjua na kuikunja.

"Riziki," alisema. "Riziki, mwanangu. Mimi nilisema aje."

"Nilikusikia, baba."

"Nilisema karibu."

"Nimekusikia."

Hakulia. Heri angelia. Alishika chombo kwa mikono miwili, akakileta karibu na mdomo, akabonyeza, na safari hii hakusubiri. Alisema papo hapo, kwa haraka ile ya mtu mwingine, hata neno lake la kwanza likakatwa, na sisi tuliokuwa naye chumbani ndio tu tuliolisikia zima:

"Akonkwa."

Akakiachia kitufe. Hakusema "kwenu".

Kule Kalundu hawakujua kama amemaliza. Kwa hiyo walingoja, na sisi tulingoja, na redio ikawa inanguruma katikati yetu mpaka saa kumi ilipopita na betri ikaanza kuchoka.